Ua Lililofunguka Asubuhi ya Sabato

Nyinyi mnaonunua mbegu kwa pakiti yenye picha ya nyanya inayong'aa kama imepakwa mafuta, sogeeni hapa. Sikuja kuwagombeza. Pakiti nazijua, nimezifungua nyingi, na zingine zilikuwa na mbegu nzuri tu. Lakini mimi nimefanya kazi ya kutunza mbegu za asili hadi nikastaafu, na bado sijaona kijana hapa Manga anayeweza kuchukua biringanya moja, akaitoa mbegu, akaikausha, akaiweka, na miaka mitatu baadaye akaipanda ikaota yote. Mimi naweza. Nasema hivyo bila haya. Nitawaambia nilivyojifunza, na nitawaambia pia kosa langu kubwa, ambalo lilikaribia kumaliza tikiti la watu wa mbali walioniamini.

Nianze na pilipili, maana hiyo inachekesha.

Kituo chetu cha mafunzo ya wakulima kilikuwa chini ya mteremko wa Manga, mahali penye joto kidogo kuliko huku juu. Siku moja akaja mwanamke wa Kituruki, Bi Nermin. Mume wake alikuwa mhandisi wa barabara, nao walikuwa wamepanga nyumba Kisii mjini. Bi Nermin hakuwa na kazi ya kuajiriwa, na mtu aliyezaliwa shambani hawezi kukaa ghorofani kutwa nzima akitazama magari. Akaomba kipande cha kulima. Alikuja na mbegu za mama yake katika vichupa vya dawa, pamoja na karatasi za mpakani zilizopigwa mihuri, ambazo nilizikagua mwenyewe moja moja mpaka akaanza kunicheka. Kulikuwa na biringanya nyembamba, nyanya za rangi ya waridi zenye mikunjo, maharagwe ya maganda mapana, na pilipili ndefu za kijani zisizowasha hata kidogo. Kwao hukaangwa nzima nzima, zikaliwa kwa mkate. Alikuwa ananiita abla, yaani dada mkubwa kwa lugha yao, na Kiswahili chake alikiokota sokoni kipande kipande kama sisi wengine.

Msimu wa kwanza pilipili zilitoka vizuri mno. Nikachukua mbegu, nikapanda tena, safari hii karibu na pilipili kali za meneja wa kituo, kwa sababu hapo palikuwa na nafasi. Nyuki hawana habari na mipaka ya meneja. Waliingia huku, wakaingia kule. Tunda lenyewe msimu huo lilikuwa tamu bado, kwa hiyo sikujua lolote. Mchanganyiko haukai kwenye nyama ya tunda, unakaa ndani ya mbegu, nao hujionyesha mbegu hiyo ikipandwa. Nikapanda, nikavuna, nikakaanga sufuria nzima siku ya Ijumaa kwa ajili ya chakula cha kanisani kesho yake, siku ya Sabato. Nikampakulia mchungaji kwa mkono wangu, nikamwambia ale bila wasiwasi, hata mtoto mdogo anakula. Mchungaji aliuma, akatafuna. Machozi yakamtoka, lakini ni mtu wa heshima, akameza. Ombi la kufunga siku hiyo lilikuwa fupi kuliko yote niliyowahi kumsikia akiomba.

Tangu hapo kila mche wa pilipili wa kuchukua mbegu naufunika kwa kitambaa cha neti kabla haujachanua. Pilipili hujitosheleza yenyewe humo ndani, haihitaji nyuki. Ukishaona matunda madogo, ondoa neti, yafunge kitambaa chekundu ili mtu asiyachume. Hayo ndiyo ya mbegu.

Nimeruka. Kabla ya Bi Nermin kulikuwa na Tata Onchiri, tata ni baba kwa lugha yetu, na bila yeye msingekuwa mnanisoma. Alikuwa mzee wa stoo ya mbegu pale kituoni. Mimi niliajiriwa kufagia. Niliingia na fagio, nikamkuta ameketi juu ya gunia, anatia mbegu ya malenge mdomoni, anauma, anasikiliza. Nilidhani mzee ana njaa. Akanipa moja, akaniambia niume. Ikabonyea. Akanipa nyingine, ikavunjika kwa mlio. Akasema ile ya kwanza irudi juani, ya pili iingie chupani, na kwamba mtu anayekagua ukavu kwa kiganja atakuja kufungua chupa iliyojaa ukungu. Hilo lilikuwa somo langu la kwanza, na hakunipa cheti.

Hakuwa mtu wa kupiga kelele. Ukikosea, alikurudishia fagio, basi. Mimi fagio nimerudishiwa mara nyingi.

Mara moja ilikuwa kwa sababu ya chinsaga, ile mboga yetu ambayo wengine huiita saga au mgagani. Nilipewa kitalu nikitunze peke yangu. Nikawa nachukua mbegu kutoka kwa mimea iliyotangulia kukomaa, kwa vile ilikuwa tayari na mimi nilikuwa na haraka ya kuonekana hodari. Msimu wa pili maua yakatoka mapema zaidi. Msimu wa tatu chinsaga ilichanua kabla haijapata majani ya kujaza hata kikapu kimoja. Tata Onchiri alitembea kitaluni akiwa na mikono nyuma, akasema, "Kerubo, umezifundisha kukimbia."

Kisha akanionyesha. Mche unaokimbilia maua uutafune wewe na watoto wako mapema. Ule unaokaa, unaotoa majani wiki baada ya wiki kama hauna pa kwenda, ndio uuachie uzae mbegu. Unachokichagua ndicho kitakachorudi. Mpaka leo nikiona mtu anauza mbegu ya chinsaga sokoni Ekerenyo, namuuliza aliichukua kwenye mche gani. Wengi hunitazama kama ninawatafutia makosa. Kweli ninawatafutia.

Alinifundisha pia kuloweka mbegu za nyanya na ute wake siku mbili tatu mpaka maji yafanye ngozi juu na kunuka, ndipo uzioshe. Uzianike kwenye sahani, usizianike kwenye karatasi, kwa maana zitashikana nayo mpaka uzipande pamoja na gazeti. Na alinifundisha kupima uhai: chukua mbegu kumi, zifunge katika kitambaa chenye unyevu, zikae mahali penye joto siku chache, kisha hesabu zilizoota. Mbegu isiyopimwa, alikuwa akisema, ni ahadi ya mlevi.

Sasa tikiti.

Katika vile vichupa vya Bi Nermin kulikuwa na kimoja alichokishika tofauti na vingine. Lilikuwa tikiti la kijijini kwao, si tikitimaji hili jekundu mnalolijua. Ni refu kidogo, ganda lake la kijani iliyokolea na lenye mikunjo, nyama yake nyeupe. Kwao huvunwa mwisho wa kiangazi, hufungwa kamba, huning'inizwa darini, na watu hulila hadi katikati ya baridi kali wakati hakuna kitu kibichi nje. Alisema mama yake alilipata kwa bibi yake, na kwamba kijijini mwao ni nyumba chache tu zilizobaki nalo. Sisi huku tukaliita tikiti la kamba.

Matikiti hayapendi mvua ya Kisii, na sisi tuna mvua ya kugawia jirani. Kwa hiyo tulilipandia kwenye matuta yaliyoinuliwa, chini ya paa la nailoni lililo wazi pembeni. Lilikubali. Na Bi Nermin akanifundisha kulitunza lisichanganyike. Watu huniambia tikiti lisipandwe karibu na malenge. Waacheni waseme, malenge ni ukoo mwingine, na matango pia, na hata tikitimaji. Linachanganyika na matikiti ya aina yake tu. Jioni unatembea kati ya mistari ukitafuta maua yatakayofunguka kesho, yale yenye ncha ya njano. La kike utalijua kwa kitikiti kidogo nyuma yake. Unafunga ncha ya la kike kwa uzi, na ya la kiume pia. Asubuhi, umande ukiwa bado upo, unachuma la kiume, unalivua petali, unampaka mwenzake vumbi lile la njano, kisha unafunga tena ili nyuki asiguse, na unatia alama. Ni kazi ya subira. Mimi nilikuwa hodari sana. Bi Nermin mwenyewe alisema vidole vyangu ni vyepesi kuliko vyake.

Mkataba wa stoo yetu ya mbegu ulikuwa mmoja: mbegu haiuzwi. Ukipewa konzi moja, unarudisha konzi mbili ukivuna, ili nyingine apewe mwenzako. Bi Nermin alipomaliza muda wake hapa na kurudi kwao, aliniachia vichupa vyote. Aliniambia kwamba kama kwao kikitokea kitu, atajua mbegu ziko kwangu. Nikamwambia aende salama, mimi nipo.

Mimi ni Msabato. Jua la Ijumaa likizama, jembe linalala mpaka jua la Jumamosi lizame. Hilo halijanisumbua maisha yangu yote, wala maua hayakunisumbua. Ua linalofunguka Jumamosi nililiacha tu, sikulitia alama, na tunda lake tulilila. Jumapili yangefunguka mengine.

Lakini mwaka mmoja mvua iliamua kukaa. Maua mengi yalioza kabla ya kufunguka. Siku ya wakulima ilikuwa inakaribia, wageni watakuja kutoka Nyamira na Kisii yote, na mimi nilikuwa nimejisifu kwa meneja kwamba nitawaonyesha matikiti ya mbegu yaliyoning'inizwa mstari mzima. Ijumaa ile mchana nikaona maua ya kike tisa, yote yatafunguka kesho. Nikayafunga kwa uzi kabla jua halijazama, kwa mazoea tu. Asubuhi ya Sabato, nikiwa na kitambaa changu cha kichwa na Biblia kwapani, nikapita pale. Yalikuwa yamevimba ndani ya nyuzi, yanataka kutoka.

Nilisimama. Kuyapaka ni kazi, hilo sikulibishania. Kuyaacha yamefungwa ni kuyaua. Nikajiambia kwamba kufungua uzi si kazi, ni kuachilia, na hata Bwana hakukataza kumfungua punda aende kunywa maji. Nikazivuta zile nyuzi tisa, moja baada ya nyingine, nikaenda kanisani na moyo mweupe. Nyuki wakafanya yaliyobaki.

Ng'ambo ya uzio wa kituo, watu wa mbegu za kisasa walikuwa wamepanda matikiti yao ya maonyesho, ya njano, laini, yamechanua tele. Nililijua hilo. Niliyaona kila siku nikienda na kurudi.

Matunda tisa yalikua, yakapendeza. Siku ya wakulima meneja alinisifu mbele ya watu. Nilipotoa mbegu nilichukua daftari, kwenye safu ya hali ya mbegu, nikaandika: safi. Neno moja. Hilo ndilo kosa langu, wala halikuwa kufungua uzi. Ningeandika "zimeguswa na nyuki", zingekuwa chakula kizuri na hakuna ambaye angeumia. Lakini nilikuwa nimeshasifiwa.

Kisha nikagawa. Niligawa kwa kina mama wa kanisani, kwa majirani, kwa yeyote aliyeleta chupa. Misimu iliyofuata matikiti yalianza kutoka na sura nyingi. Mengine ganda lilikuwa laini, mengine yalipiga njano, na ukiyaning'iniza, kabla ya mwezi kwisha yanadondosha maji sakafuni. Watu wakaniuliza. Nikawajibu ni mvua ya Manga. Nilijibu kwa sauti kubwa, kama ninavyojibu kila kitu, wakaniamini. Nikastaafu na heshima zangu, nikabeba makopo yangu nyumbani.

Mwaka jana Bi Nermin akanipigia simu ya picha. Tulikuwa tunasalimiana mara moja moja, sikukuu kwa sikukuu, lakini siku hiyo hakutabasamu. Kiswahili chake kilikuwa kimechakaa, akakisukuma hivyo hivyo.

"Abla, mbegu ya tikiti iko?"

Nikamwambia iko, kwa haraka ile ile ya zamani.

"Kwetu imekwisha. Ndugu yangu amepanda ya dukani miaka yote hii. Kopo la mama limeingia maji. Nyumba zingine nimeuliza, hakuna. Mama amezeeka sasa, kila siku anaulizia tikiti lake. Iko kwako tu."

Nilimwahidi nitamtumia. Nikakata simu, nikatoa makopo, nikayapanga juu ya meza. Yote ya baada ya mwaka ule yalikuwa uzao wa yale matunda tisa, na kila karatasi ilisema safi, kwa mwandiko wangu mzuri. Kulikuwa na chupa moja ya zamani, ya kabla ya kosa. Nikahesabu mbegu kumi, nikazifunga kwenye kitambaa chenye unyevu, nikaziweka karibu na jiko. Siku ya tano hakuna. Siku ya kumi hakuna. Nikafunga kumi zingine, na zingine, mpaka chupa ikaisha. Hewa ya Manga ilikuwa imeziua siku nyingi.

Sasa nitawaambia jambo ambalo sijivunii. Nilichukua bahasha, nikatia zile zilizochanganyika, nikaandika anwani. Maneno nilikuwa nayo tayari: udongo ni tofauti, mvua ni nyingi, mbegu hubadilika ikihama. Nani angenibishia? Mimi ndiye mtaalamu. Lakini nilianza kumfikiria yule mama. Ni mtu wa umri wangu na zaidi. Angepanda, angepalilia kwa mgongo unaouma, angengoja msimu mzima, ambao kwa umri ule si mdogo, halafu akate tikiti akute si lake. Nililia pale mezani, nawaambia ukweli. Nikaichana bahasha.

Nikafungua daftari kutafuta niliowapa kabla ya mwaka ule. Walikuwa watatu tu, kwa sababu zamani nilikuwa mchoyo wa mbegu, nikidhani hakuna anayeweza kazi hii kama mimi. Wa kwanza alikuwa mzee wa Ekerenyo. Nilipanda boda boda mpaka kwake, akanipokea kwa furaha, akaniambia lile tikiti lilikuwa tamu sana, walilila lote na mbegu wakawakaangia watoto. Wa pili, dada mmoja wa Nyamira, alikuwa ameng'oa kila kitu akapanda majani chai. Wa tatu, mbele ya jina lake, nilikuwa nimeandika: imepotea.

Huyo alikuwa Mama Otieno. Ni mwanamke wa kule ziwani, anauza nyanya na tikitimaji sokoni Daraja Mbili, na shamba lake liko kwa mumewe huko chini kwenye joto. Alikuja kituoni zamani akaomba mbegu. Nilimpa zile ndogo ndogo zilizobaki chini ya sahani, nikamsomea masharti ya uzi na umande mpaka akaanza kucheka. Aliniuliza ni nani ana wakati wa kufunga maua. Nikajua hapo mbegu imetupwa, nikaandika neno langu hata kabla hajafika getini. Konzi mbili hakuniletea, na mimi sikumfuata.

Nilimkuta pale pale, amekaa nyuma ya lundo lake la nyanya, amenenepa kidogo. Nilizunguka zunguka na maneno, nikauliza hali ya soko, hali ya watoto. Yeye akanikatiza.

"Nyar Kisii, wewe umepotea sana, na leo hujakuja kununua nyanya. Sema."

Nyar Kisii ni binti wa Kisii, kwa lugha yao. Nikasema. Nilisema yote, Sabato, nyuzi, daftari, bahasha. Sijui kwa nini niliweza kumwambia yeye kabla ya mchungaji wangu. Alisikiliza huku anapanga nyanya nne nne.

"Ile ya kamba iko," akasema. "Kila mwaka napanda. Konzi zako mbili nilileta, nikaambiwa umeenda mkutano Kisii, nikarudi nazo. Baadaye nikaona haya."

Sikuamini. Jumapili nikashuka naye mpaka kwao. Nikaingia jikoni, nikaangalia juu. Yalikuwa yananing'inia kwenye mapau, katika nyavu za kamba za magunia, ya kijani iliyokolea, yenye mikunjo, magumu. Nilipapasa moja kwa vidole vyangu. Lilikuwa lilelile la Bi Nermin, bila alama ya kigeni. Nikamuuliza anazuiaje nyuki. Akanitazama kama mtu anayeulizwa anazuiaje upepo. Kule kwao wanapanda tikitimaji, na hakuna jirani hata mmoja aliyewahi kupanda tikiti la aina hii, kwa hiyo nyuki hawakuwa na kitu cha kuleta. Sikuwa nimewahi kumuuliza swali hilo. Nilikuwa nimempa masharti tu.

Tukampigia Bi Nermin pale pale, mimi na Mama Otieno bega kwa bega. Nilianza kwa kumwambia nilichofanya, kwa Kiswahili rahisi ili asikose hata neno. Kisha nikainua simu nikamwonyesha mapau. Akaita kwa lugha yao, na mama yake akaletwa kwenye kioo cha simu, mdogo, amefunga kitambaa cheupe, macho makali. Aliyatazama matikiti lakini hakufurahi. Tikiti likionekana kwenye simu linaweza kuwa lolote. Akauliza kitu, na Bi Nermin akafasiri: mama anataka kujua, kati ya matikiti haya, mbegu mnachukua kwenye lipi?

Nilikuwa na jibu. Kubwa kuliko yote, la mche wenye afya, lililopakwa kwa mkono. Ndivyo nilivyofundisha watu miaka mingi. Lakini safari hii nikamgeukia Mama Otieno.

"Ile ya mwisho," akasema. "Zingine zote tunakula. Ile inabaki huko juu mpaka mvua inarudi, na bado ni ngumu, hiyo ndio najua ina nguvu. Hiyo ndio napanda."

Bi Nermin alifasiri taratibu. Yule mama akaweka kiganja mdomoni. Mabega yake yakaanza kutikisika, nikadhani tumemuudhi, mpaka nikaona analia na kucheka pamoja. Alisema maneno mengi, na Bi Nermin, naye akifuta macho, akatuletea machache.

"Anasema hivyo ndivyo bibi yake alimfundisha. Anasema hiyo ni yetu." Kisha akaongeza, yeye mwenyewe, "Asante, abla. Umetutunzia."

Ningeweza kunyamaza. Alikuwa ananitazama mimi, na alikuwa amenisamehe.

"Si mimi, Nermin," nikasema. "Mimi niliichafua. Ni huyu."

Nikamkabidhi Mama Otieno simu mikononi, nikatoka nje kunawa uso.